Mama Mukwe na Kiboko wa Mokoto

Mama mukwe wangu mpendwa,

Leo nasema nawe mwenyewe, bila kupitia kwa Veronika. Binti yako yuko hapa pembeni anachambua maharagwe ya mwisho uliyotuletea, na ananichungulia kama mtu aliyeiba. Ni kweli aliiba. Tangu matanga yako yaishe hakuwa na amani, na jana aliniambia kitu kilichoniinua kitini. Nitafika huko. Kwanza nikukumbushe siku ile, maana tuliiona pamoja, na mimi na wewe hatukuizungumza hata mara moja.

Vita vya wazungu vilikuwa vimekwisha juzi tu. Nilikuwa mlinzi mpya wa Parki ya wanyama, upande huu wa maziwa ya Mokoto, na kazi yangu ilikuwa ya mtumbwi: kuzunguka ndani ya mafunjo, kuangalia wanyama wako wapi na watu wasije kuwinda. Ninyi huko Karuba mkasikia kwamba mlinzi mwenzangu mmoja, mtu wa Walikale, ameuawa na kiboko. Ulitia maharagwe kwenye kitunga, ukapanda na kushuka milima siku mbili kwa miguu, ukafika kwetu na neno moja kwa binti yako: "Funga vitu vyako. Mimi sikuzaa mujane."

Nilikusikia kutoka nyuma ya nyumba, maana ulipotokea tu nilikimbia kujificha, kama inavyompasa mkwe. Padri alikuwa amefundisha kwamba kumkimbia mama mukwe ni mambo ya zamani. Wewe uliitikia amina, kisha ukinikuta njiani unavuta kitambaa usoni na kuingia katika shamba la watu. Sikusemi, hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka miwili ndani ya ndoa na sikujua sura yako.

Nikamwita Veronika. "Ambia mama apande mutumbwi kesho, aone kazi yenyewe. Akishuka na bado anataka kukubeba, sitasema neno." Nilijifanya mwanaume tu. Nilimpenda mke wangu kupita kiasi, na wewe hukuwa mtu wa kutishia bure.

Asubuhi ukakaa mbele, mgongo kwangu, na kitambaa chako cha manjano kichwani. Veronika katikati, mimi nyuma na kafi. Mtumbwi mdogo, kila mtu anasikia kila kitu, na bado tukasafiri hivi:

"Veronika, ambia mama ile haiko gogo, iko kiboko."

"Mama, iko kiboko."

"Mwambie nimeona."

Na uliona kweli. Nilikuonyesha korongo wenye taji wakicheza kwenye majani mafupi, nikakuonyesha fisi maji akitafuna samaki amelala chali. Nilidhani mimi ndiye mwenye macho. Mara ukainua mkono: "Mwambie, kule kwenye mafunjo, iko pua." Nikatazama, sikuona kitu. Nikasogeza mtumbwi polepole, na lo, swala wa majini, amezama mwili mzima, amebakiza pua na macho. Nilikuwa nimepita pale miezi sita bila kumwona hata mmoja. Wewe umelinda maharagwe yako dhidi ya nyani tangu utoto, nani angekuficha kitu? Nikaanza kukutafutia wanyama kama mtoto anayetafuta kusifiwa, nikasahau kwamba nina kesi.

Hapo ndipo nilipoona mapovu, karibu kabisa na miguu yako.

Hapakuwa na nafasi ya kupitia kwa mtu. "Mama, lala! Lala chini!" Ukalala. Nikasukuma kafi kwa nguvu zote, na pale ulipokuwa, maji yakafunguka akatoka kiboko mkubwa, sikio limepasuka, kinywa wazi hadi nikaona ndani. Wimbi likajaza mtumbwi nusu. Nikautupa ndani ya mafunjo mazito, tukanyamaza, naye akashuka zake chini.

Mabega yako yalikuwa yanatikisika. Nikajua unalia. Ukamwinamia Veronika, ukamnong'oneza kwa Kihunde chenu, sauti isinifikie.

"Mama anasema inatosha," Veronika akaniambia, midomo mikavu. "Twende nyumbani."

Nikapiga kafi nikihesabu makosa yangu: nimekupeleka kinywani mwa kiboko, na tena nimekuita kwa mdomo wangu. Asubuhi nilipoamka ulikuwa umeshaondoka. Veronika alikuwa kwenye mafiga, anapuliza moto.

"Mama iko wapi?"

"Amerudia njia yake."

"Na wewe?"

"Mimi niko hapa. Haunioni?"

Kwa furaha nilichukua mtungi nikaenda mwenyewe kuteka maji, majirani wakanicheka wiki nzima. Lakini kwa nini ulimwacha? Kila mavuno ulileta maharagwe, umefunika uso, nami nikasema moyoni, bado amenikasirikia.

Sasa sikia alichoniambia jana.

"Mama hakusema inatosha. Alikuwa anacheka. Alisema, 'Ambia bwana yako ageuze mutumbwi, nataka kumuona tena ule wa sikio.' Mimi ndio nilikuwa naogopa. Nilijua nikikuambia, utageuza." Na asubuhi ile, kabla ya kushika njia, ulimwambia: "Baki naye. Kama ningezaliwa mwanaume, ningeomba kazi ile ile."

Mama, ningegeuza. Wallahi ningegeuza, hata na maji nusu ya mtumbwi. Miaka yote hii nimekukwepa kwa aibu, kumbe tulikuwa watu wawili wenye hamu moja, na mwoga wetu katikati.

Yule mkubwa angali hai, na kesho mapema natoka kumtafuta. Veronika hajakanyaga mtumbwi tangu siku ile. Sasa hivi ameacha maharagwe, anajifunga kitambaa chako cha manjano. Anasema atakaa mbele.

Pumzika vizuri, mama. Nimekuita tena kwa mdomo wangu, na mara hii sioni haya.

Mimi mukwe wako wa mtumbwi