Kakule Mwenye Mkia

Jumamosi, tarehe 6 mwezi wa kumi 2001

Leo naanza kaye hii, daftari langu la kila siku, na ninaahidi mbele ya Mungu kuandika yote, hata ya kunitia aibu. Madame Florentine, mwalimu wetu, anasema anayeandika nusu amedanganya nusu. Donc, basi, naanza na aibu yenyewe: mbwa wetu anaitwa Kakule.

Kosa ni langu. Mwezi wa tatu Mzee Kasonia alishuka kutoka Masereka na viazi ambavyo baba anauza hapa Butembo, na ndani ya gunia moja kulikuwa na mtoto wa mbwa, rangi ya kahawa, masikio makubwa kuliko kichwa. "Ni ya Hadassa," alisema. Zawadi, kwa sababu nilimwandikia barua kwa mwanawe aliye Kampala. Éliakim, mdogo wangu wa miaka sita, akauliza jina. Nami nikahesabu kwa vidole, kama tunavyohesabu majina sisi Wanande: mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale — hao ni yaya zangu, kaka zangu wakubwa, Josaphat na Luc — wa tatu Kasereka, ndiye Éliakim mwenyewe. Wa nne? "Kakule!" akapiga kelele. Tulicheka mpaka machozi. Nani alijua kwamba mama tayari alikuwa na mimba?

Sasa tumbo la mama linafika mlangoni kabla yake. Akizaa mvulana, huyo ni Kakule. Na Kakule yupo tayari, anakojolea lengalenga, mchicha wetu wa bustani.

Jumapili, tarehe 7

Aibu kubwa! Nilimfunga mbwa kwa kamba ya mpira wa gari kabla ya kwenda kanisani. Nilimfunga vizuri. Aliitafuna. Katikati ya ibada mchungaji akasema, "Sasa ndugu Kakule aje mbele atuongoze kwa maombi." Shemasi Kakule alikuwa bado anatafuta miwani. Wetu hakutafuta kitu. Alipita katikati ya mabenchi, mkia juu, akaketi mbele ya mimbari na kumtazama mchungaji kama mtu aliye tayari. Wanakwaya walifunika midomo kwa vitabu vya nyimbo. Shemasi mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. Koko, bibi yetu, hakucheka.

Nyumbani Koko Vagheni, mama yake baba, alisema bila hata kuketi: "Jina ni ya mutoto. Imbwa ikilala ndani ya jina, mutoto atalala wapi?" Yeye hamtaji mbwa kwa jina hata siku moja. Kwake ni "ile kitu".

Baba: "Basi tubadilishe ya imbwa."

Mama, mkono mgongoni: "Mujaribu. Akizaliwa kijana na imbwa haijajua jina ingine, inarudia Masereka kwa Muzee Kasonia. Akizaliwa binti, inabakia na jina yake. Imeisha. Muniache nipumuzike."

Mama akisema imeisha, hata baba anakunja mikono.

Jumanne, tarehe 9

Jina jipya: Kahawa. Nafundisha kama Madame anavyofundisha — polepole, kwa kurudia, na zawadi. Zawadi ni vichwa vya ndakala. Nasema "Kahawa!" na kumwonyesha kichwa cha samaki: anakuja. Nasema "Kahawa!" mikono mitupu: anaangalia ndege. Éliakim anajificha nyuma ya jiko na kunong'ona tu, "Kakule" — anakuja mbio, anaangusha ndoo ya maji!

Vichwa kumi na vinne vimekwisha. Luc anasema aliyejifunza jina ni Éliakim. Akisikia "Kahawa" anakuja kuangalia kama kuna ndakala aliyebaki.

Ijumaa, tarehe 12

Viroboto! Koko anajikuna na kuninunia. Tumemwosha mbwa nyuma ya choo kwa maji ya majani ya tumbaku, dawa ya Mzee Kasonia. Nililoa kuliko yeye. Kisha akaenda kujikung'uta chini ya mashuka ya Koko yaliyoanikwa. Nimefua mashuka.

Chakula cha leo: ukoko wa bugali. Anakula kila kitu isipokuwa maharagwe. Mbwa wa Butembo asiyekula maharagwe!

Jumamosi, tarehe 13

Mama ameenda Beni. Atajifungulia kwa mama mkubwa Emérence, dada yake, ambaye ni mkunga huko. Éliakim alipozaliwa mama alitokwa na damu nyingi sana, na hakuna mikono mingine anayoiamini. Kilomita hamsini na nne tu. Baba alimtafutia nafasi ya mbele, karibu na dereva.

Mama alinishika kidevu. "Ulinde nyumba. Koko akisema sana, umupatie chai." Kisha akamkuna mbwa kati ya masikio: "Na wewe, uombe binti."

Mbwa alikimbiza gari mpaka barièri ya askari. Nilimrudisha kwa mshipi wa gauni langu. Njia nzima alitembea kinyumenyume.

Jumatano, tarehe 17

Niliahidi kuandika yote. Kila asubuhi naomba mama azae msichana. Tukiomba pamoja nasema, "Mapenzi yako yatimizwe." Nikiwa peke yangu nasema, "Msichana."

Leo mimi na Éliakim tulikutana na askari wawili tukitoka shule. Mbwa hutungojea hapo kila siku, chini ya mikaratusi. Mmoja akamwelekezea bunduki. Kwa mchezo, nadhani. Akauliza, "Inaitwaka nani?" Nikajibu, "Kahawa." Mbwa hakugeuka hata sikio.

"Anadanganya!" akasema Éliakim. "Ni Kakule!"

Mkojo ulitaka kunitoka. Lakini yule mwenzake alianza kucheka, akashika tumbo: "Chef, mais ni ndoyi yako!" Ndoyi, kwa Lingala, ni mtu mwenye jina kama lako. Kumbe yule mwenye bunduki naye ni Kakule, wa Kirumba! Alishusha bunduki, akachuchumaa, akamtazama mbwa usoni kwa muda mrefu. Akamvunjia biskuti yake. "Umulishe muzuri ndoyi yangu. Iko mukondefu."

Koko aliposikia alisema, "Unaona? Sasa hata basoda na bunduki yabo banajua ile jina." Lakini baadaye alimwekea mbwa maji. Nilimwona.

Jumatatu, tarehe 22

Njia ya Beni imefungwa. Kuna mapigano huko katikati. Wengine wanasema ni hawa, wengine wanasema ni wale. Magari yote yamerudi. Na wiki hii ndiyo wiki ya mama kujifungua.

Baba alikwenda kwenye foni ya kanisa, ile redio ya kuzungumzia na miji mingine. Betri imekufa. Amerudi na kuketi mezani na kofia kichwani. Tangu nimjue baba, hajavaa kofia ndani ya nyumba.

Alhamisi, tarehe 25

Hakuna habari. Shuleni nilipata kumi juu ya kumi katika hesabu, na sina wa kumwonyesha. Nilimwonyesha mbwa. Alilamba pembe ya karatasi.

Amehamia kwenye mkeka wa mama, pale mlangoni. Koko alimfukuza mara mbili. Mara ya tatu alikusanya kitenge chake na kupita juu yake.

Leo nimelifuta ombi langu. Nimemwambia Mungu: mvulana, msichana, hata wote wawili ukitaka. Akiwa mvulana nitampeleka mbwa Masereka mimi mwenyewe, pamoja na sahani yake. Mama tu arudi. Naogopa niliomba kitu kidogo, kikachukua nafasi ya kitu kikubwa.

Nikasema amina. Mbwa akapiga chafya. Nikacheka — Mungu anisamehe, nilicheka vizuri, mara ya kwanza wiki hii.

Jumamosi, tarehe 27

Mathe anaenda Beni! Ni jirani yetu, anabeba mafuta ya mawese kwa baiskeli, na anajua vijia vya mashambani visivyogusa barabara kuu. Barua habebi, kwa sababu kwenye barièri wanazifungua na kuuliza maswali. Lakini atabeba karatasi moja iliyokunjwa ndani ya bomba la usukani. Si kubwa kuliko kidole changu. "Ulizo moja tu," amesema. "Mama ajibu nyuma ya karatasi ile ile. Nitangoja pale pale mulangoni, kisha nageuka."

Naandika huku nikiwa nimeketi kwenye ngazi, kaye kwenye magoti. Kila mtu ana swali lile lile. Éliakim: kijana ao binti? Luc: kijana ao binti? Josaphat pia. Baba anapiga pampu tairi la baiskeli ambalo limejaa tayari.

Niliandika "Ni", nikasita. Nikaichana karatasi, nikakata nyingine.

"Hadassa, jua inapanda!" amesema Mathe.

Mbwa nimemfunga kwa kamba mbili asifuate baiskeli. Analia kama mtoto.

Koko ametoka jikoni, mikono ina unga. Ameketi karibu nami, hapa chini kwenye ngazi, jambo ambalo hafanyi. "Andika pembeni," amesema. "Kakule anakula muzuri. Mama yako asisumbuke na mambo ya hapa."

Nilimtazama. Kakule, alisema! Yeye alikuwa anamtazama mbwa, na mbwa amenyamaza, mkia unapiga vumbi.

Nimeandika pembeni kwa herufi ndogo: Kakule anakula vizuri. Baba amenyoosha mkono aipokee karatasi. Mathe ameshapanda kwenye kiti, mguu mmoja chini. Katikati ya karatasi nimeandika hili tu, na Mathe asirudi bila jibu:

Mama, uko muzima?