Hedifoni Ulizonitumia

Wifi yangu mpenzi,

Mzigo umefika salama, na kila mteja anayeingia anataka kuzijaribu hizo hedifoni. Umeuliza zikoje. Nisikufiche, zimenishinda. Ni nzito, zinabana mpaka hereni zinaniuma, na nikiinamia cherehani zinadondoka. Watoto hawajambo. Yule mdogo ameng'oka jino.

Najua ulizinunua ghali ili nimsikie vizuri marehemu kaka yako, kwenye ule ujumbe wa sauti alionitumia kutoka hospitali. Nilikusimulia tulipokuwa msibani: "Mimi sijambo, mama watoto. Usihangaike kuja leo, malizia sare za shule. Tutaonana kesho." Kwenye zile waya zangu za masikioni nilizonunua barabarani alikuwa anakwaruza kidogo, lakini ilikuwa sauti ya mtu mwenye nafuu, na ndiyo iliyokuwa ikinipa usingizi.

Hizi zako hazifichi kitu. Kila baada ya maneno mawili anatafuta pumzi. Na kabla hajataja sare, kuna nesi nyuma yake anasema kwa sauti ya chini, "Baba, mwambie mkeo aje sasa hivi."

Nami sare nilizimalizia, wifi. Alipokata roho nilikuwa naweka kola ya mwisho.

Jana nilizirudia zile waya za zamani. Zinakwaruza vilevile, ila nesi yumo. Sasa namsikia hata humo.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi, mke wa kaka yako.