Ruhusa ya Kutembea

Bongwe,
29 Machi 1964

Mjomba wangu Chirau,

Shikamoo mjomba. Pokea salamu za watu wote wa Bongwe. Mwili ni mzima, alhamdulillahi, nami nakuombea uzima huko Nairobi kwenye baridi na makaratasi yako ya reli.

Habari ya mume wangu Rai kuanguka mnazini ilikufikia. Tangu tulipomzika nimo chumbani nakaa eda. Mavyaa, yaani mamake Rai, ananitunza vizuri, sina la kumlaumu. Uji huniletea yeye mwenyewe. Lakini dirisha ameliziba kwa gunia watu wasinione, na hata uani hunisindikiza jioni tu, kisha hunirudisha upesi.

Mjomba, ule ugonjwa unanirudia. Wewe unaujua kuliko mtu yeyote. Mwaka juzi alipokufa mwanangu nilikaa bila kusema hadi wakaniita zezeta, na waganga wakatumalizia kuku wote. Ni wewe uliyesema, "Inuka mwanangu, twende tukatembee." Ukanipeleka msituni kila asubuhi, tukipita chini ya mivule, mbega wakitutazama, na wewe huniulizi kitu. Nikaanza kulala usiku. Mpaka siku moja nikakuuliza jina la mti, nawe ukageuka upande ili nisikuone unalia. Nilikuona.

Sasa silali tena. Namsikia mtoto akilia nyuma ya ukuta, na najua kuwa hayupo. Naogopa sana, mjomba. Naomba umwambie mavyaa aniruhusu nitembee asubuhi tu, nimejifunika, pamoja na mwanamke mwenzangu. Wewe ndiwe mwenye kauli juu yangu. Kwetu mpwa ni wa mjomba.

Mpwa wako,
Mbeyu


Nairobi,
14 Aprili 1964

Mpwa wangu Mbeyu,

Marahaba mwanangu. Baridi ya huku haijaniua bado, ila koti la bara ni zito kuliko gunia la mihogo. Tangu Uhuru kazi zimekuwa nyingi na sisi makarani tumekuwa mabwana wakubwa, mpaka chai twajipikia wenyewe. Mungu amrehemu Rai. Alikuwa kijana wa watu.

Ombi lako nimelisoma mara nyingi. Mwanangu, wakati ule hukuwa mjane. Juzi amekuja Matano wa Waa kutoka huko pwani, na baada ya swala hapa Pumwani akaniambia mbele ya wazee kwamba mjane wa Rai ameonekana amesimama mlangoni akitazama njia ya msituni. Mlangoni tu, na habari imefika Nairobi! Ukionekana porini je? Watasema una mwanamume huko, au umekwenda kwenye mizimu kuuliza nani aliyemuua mumeo. Nitaweka wapi uso wangu?

Subira ni ufunguo wa faraja. Soma Kurani, sukuma siku. Eda ikiisha nitakuja mwenyewe, tutembee mpaka wewe mwenyewe uombe turudi.

Mjomba wako,
Chirau


Bongwe,
3 Mei 1964

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tunakushukuru kwa salamu. Mvua imeshika, na harufu ya msitu inaingia hadi chumbani.

Nimejaribu ulivyosema. Nasoma, na nikimaliza ukurasa sijui nimesoma nini. Nimejaribu kutembea humu humu ndani. Nazunguka kitanda hadi mavyaa anasema namtia kizunguzungu. Haisaidii. Ukuta unafika upesi mno, na kila nikigeuka nakutana na yale yale niliyoyaacha. Kule msituni mtu huangalia anapokanyaga, husikiliza ndege, na mawazo hupata pa kwenda. Humu hayana pa kwenda, yanarudi kwangu.

Wiki iliyopita niliegemea sufuria ya moto nisisikie. Mavyaa ndiye aliyepiga kelele.

Mjomba, subira ninayo. Akili ndiyo inayoniishia. Sikuombi nimsahau Rai, nampenda. Nataka nimlilie nikiwa na akili zangu. Tafadhali muulize mwenye elimu kama kweli dini ndiyo inayonifungia, au ni watu tu.

Mpwa wako anayekutegemea,
Mbeyu


Nairobi,
20 Juni 1964

Mbeyu mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta na nafuu. Mimi sijambo kwa mwili, lakini moyo wangu hauko sawa.

Nimechelewa, na sababu yake ni aibu. Kila Ijumaa nilimwendea shehe nikaishia kumuuliza habari za mvua. Niliogopa ataniuliza ni mjane gani huyo. Jana nikajikaza. Akaniambia mwenye eda hutoka mchana kwa haja yake, mradi usiku alale nyumbani kwake. Nikamuuliza, "Na akiwa na maradhi ya moyo, dawa yake ni kutembea?" Akasema, "Kama hiyo si haja, haja ni nini? Tangu lini umemzuia?"

Nimemwandikia na mavyaa wako. Matano na wenzake waseme watakavyo. Nenda mwanangu. Ukipata barua hii asubuhi, usingoje hata uji.

Mjomba wako,
Chirau


Nairobi,
25 Julai 1964

Mbeyu,

Hujambo? Naandika tena kwa kuwa sijapata jibu, na kimya chako kinanitisha. Kwa hesabu yangu eda imekwisha. Nimeomba likizo ya mwezi wa tisa. Nitakuja tutembee kama zamani, na sitakuuliza kitu. Niandikie hata mstari mmoja.

Mjomba wako


Bongwe,
16 Agosti 1964

Mjomba,

Barua zako zote mbili zilifika. Mavyaa alisomewa yake, akalia, akaniomba radhi. Asubuhi yake tukatoka pamoja hadi mwisho wa ua. Nikasimama. Akaniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu. Ndiyo kweli. Tukarudi.

Siku ya kutoka eda waliniogesha, wakanipaka mafuta, wakasema nimependeza. Wakanipeleka hadi msituni penyewe. Mbega walikuwepo. Niliiona miti, nikaona kuwa ni miti. Nikangoja kile kilichonijia zamani tulipokuwa wawili, hakikuja. Nikaomba nirudishwe chumbani.

Siku hizi nalala sana, usiku na mchana. Mtoto halii tena. Mavyaa anashukuru, anasema nimetulia. Watu wananisifu kwa adabu.

Usipoteze likizo yako. Ukija utanishika mkono, nami nitakufuata kwa kuwa u mjomba wangu, na tutazunguka siku nzima bure. Sikukasirikii. Nilikuomba wakati nilipokuwa bado nataka.

Mpwa wako,
Mbeyu