Vichupa Kumi na Viwili vya Somo Wangu

Mpendwa Mama Lea, shikamoo. Naomba msaada wako, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana najua utakasirika.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Pongwe, sasa nimepanga Raskazone, na kazi yangu ni utafiti wa magonjwa, yaani sitibu mtu, nafuatilia ugonjwa unavyotembea, umeanzia wapi, umempata nani, umemruka nani na kwa nini, na ndivyo nilivyo tangu utotoni, marehemu mama alikuwa akisema huyu mtoto akiona siafu haulizi wanakwenda wapi, anauliza wametoka wapi. Miaka sita sasa ninachofuatilia ni saratani ya shingo ya kizazi kwa wanawake wa huku kwetu, na utafiti wa safari hii uko Mkinga: mwanamke wa miaka thelathini hadi hamsini anapewa kijiti cha pamba na kichupa chenye namba, anajichukulia kipimo mwenyewe nyumbani kwake bila kuvuliwa nguo na mtu, anarudisha, maabara inatafuta kirusi cha HPV kinachosababisha saratani hiyo, na majibu anatumiwa kwa simu. Nilidhani hakuna jambo rahisi kama hilo.

Maramba nilipata tabu sana, wanawake walikuwa wanapokea vichupa kwa adabu zote halafu havirudi, mpaka nikamkimbilia Bi Saleha, ambaye naomba ubadili jina lake, na ambaye ni somo wangu. Kwa wasomaji wako wa mbali, somo ndiye mwanamke anayekabidhiwa msichana akivunja ungo, anamfunda, anamsimamia mpaka siku ya harusi na hata baada ya hapo, na mwali wake akiaibika aliyeaibika ni yeye. Mimi ni mwali wake, na nusu ya wanawake wa mtaa wake ni wari wake vilevile. Akawaita, akasema nao, na vichupa vikaanza kurudi kwa mkono wake, nami nikawa napita kuvichukua na roho yangu nyeupe. Wakabaki kumi na wawili tu. Nikamwambia somo, tena nikicheka, kwamba hao kumi na wawili wakikosekana mji mzima unatolewa kwenye hesabu na kazi yangu imeanguka. Siku ya pili yake akanipigia nikachukue, wametimia.

Sasa Mama Lea, majibu yalipotoka hayakuniingia akilini. Kirusi hiki kina aina nyingi, mmoja anaweza kuwa na aina moja, mwingine mbili, wengi hawana kabisa, lakini wale kumi na wawili wote walikuwa nacho, na wote walikuwa na aina tatu zilezile. Nikasema mashine imechafuka, tukarudia, yakatoka yaleyale. Nikasema vichupa vimechanganyika njiani, tukakagua vilivyosafiri navyo kwenye kisanduku kimoja, vilikuwa safi. Fundi wetu wa maabara, Godlisten, akasema labda kuna mwanamume mmoja amepita nyumba kumi na mbili, nikamkemea, lakini kusema ukweli nikaanza na mimi kuchora ramani ya nyumba zao kuona nani anakaa karibu na nani. Hawakukaa karibu. Wengine ni wake wa wakulima, mmoja mwalimu, mmoja mjane, mwaka wa tisa sasa tangu afiwe. Nilikesha na jambo hilo moyoni kama mtu aliyepewa kitendawili, na naona aibu kukuambia kwamba nilikuwa na furaha. Msimamizi wangu, Dokta Methusela, ndiye alifurahi zaidi, akasema mkusanyiko wa namna hii hajauona, akaandika muhtasari wa kupeleka mkutanoni Arusha, jina langu likiwa la kwanza.

Aliyenifungua macho ni Godlisten huyohuyo. Aliinua kichwa akaniambia taratibu, "Dada, hawa si watu kumi na wawili. Huyu ni mtu mmoja." Nikarudi kwenye fomu, nikaangalia safu ya aliyeleta kichupa na tarehe aliyoleta. Vyote kumi na viwili viliandikwa mkono mmoja na siku moja.

Jumanne ya wiki iliyopita nikapanda kwenda Maramba. Nilimkuta somo anamenya mihogo, sikumzungusha, nikamuuliza, naye wala hakukataa. Akanieleza kwamba wale wanawake walimwendea mmoja mmoja usiku na mchana wakimlilia, kwamba majibu yanakuja kwa simu, na simu zao zinashikwa na waume, na mume akisoma kuna kirusi cha huko chini hatauliza kimetoka wapi, atauliza umekitoa kwa nani. Basi akawaambia wamletee vichupa vyao, akavijaza yeye, vyote, asubuhi moja. "Ulisema wakikosekana hao kazi yako imeanguka," akaniambia. "Ningekuacha uaibike, mwali wangu, na mimi niko hai?" Akaniapisha nisiwataje wale wanawake, nikaapa, nikasema wallahi.

Nilipokuwa naaga, kwa udadisi wangu tu, nikamuuliza ana miaka mingapi, maana kwenye utafiti hata haruhusiwi, akasema sitini na mmoja, na akacheka kwamba usichana umemrudia, tangu Mfungo umalizike anaona damu, nayo alikuwa ameiaga miaka kumi. Nikamwambia somo, twende hospitali. Akakataa. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyegawa vichupa na ni mkwe wa mmoja wa wale kumi na wawili, na somo anasema akipimwa akakutwa na kirusi kilekile watu watajumlisha na wari wake watafichuka.

Nimerudi mjini nimefanya hesabu upya mara mbili, pamoja nao na bila wao. Bila wao mji unatoka. Pamoja nao ninadanganya. Naweza kuandika kwamba vichupa viliharibika njiani, na Godlisten akinyamaza hakuna atakayejua. Naweza kumwambia Dokta Methusela ukweli, lakini nimeapa, na muhtasari umeshakwenda, na miaka sita ya kazi ni miaka sita. Leo ni Ijumaa, siku ya kumi tangu nitoke Maramba, na sijalala vizuri hata moja. Nifanye nini, Mama Lea?

Ni mimi, Mtafiti, Raskazone.

MAMA LEA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadili yote, na mji nao si huo, kwa hiyo wale wenzangu mnaopenda kupiga ramli mtulie.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu sebuleni, maana sijapata kusikia mwanamke mmoja akajaza vichupa kumi na viwili kwa mapenzi. Mara ya pili nilihesabu mistari. Mashine umeipa mistari, ramani umeipa mistari, Arusha umeipa mistari, na damu ya mama wa miaka sitini na mmoja umeiweka mwishoni unapoaga, kama mtu anayesema kwa heri na salamu kwa watoto. Nikakasirika, kama ulivyotabiri.

Nilikuwa mkunga miaka thelathini na mmoja kabla sijaanza kujibu barua za watu. Kuwa na kirusi hicho si kuwa na saratani, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Na damu ya aliyekoma inaweza kuwa na sababu nyingine, ndogo kabisa. Lakini damu hiyo haisubiriwi, mwanangu, hata wiki. Inaangaliwa. Wanaokuja mapema tunawatibu wanarudi shambani kwao. Wanaokuja baada ya kungoja watu wamalize hesabu, nimewafumba macho wengi. Umeniambia mwenyewe ni siku kumi, tena hukuona haya kuziandika.

Halafu kuna hili la simu. Umesoma ukafika huko ulikofika, unajua kirusi kina aina ngapi, na katika miaka sita hukuwahi kumuuliza mwanamke wa Mkinga simu anayokuandikia kwenye fomu analala nayo nani. Wanawake walipokea vichupa kwa adabu wakakaa navyo, wewe ukaona ni ukaidi. Ungeuliza wametoka wapi, kama alivyosema mama yako, ungelijua. Tena ukamwendea somo wako ukamwambia kwa kicheko kwamba kazi yako itaanguka. Hivi hukumjua aliyekulea? Mwanamke ambaye kazi yake yote duniani ni kusimama mbele ya aibu yako, unamwambia aibu inakuja na wamebaki kumi na wawili, ulitegemea atafanya nini? Kosa lake limekuja baadaye, lako limetangulia.

Basi pole, nimekugombeza ya kutosha. Sasa sikiliza.

Kiapo chako. Mimi ni Mkristo, ya yamini si yangu kuyatolea hukumu, lakini nimevuka barabara kwa jirani yangu Shekhe Sadalla nikamuuliza bila kutaja mtu. Ameniambia anayeapa kisha akaona kheri iko upande wa pili, aifuate kheri na atoe kafara, alishe masikini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Nenda kamuulize wako. Ila mimi naona hata hujafika huko, maana ulichoapa ni kutowataja wanawake. Hukuapa kumwacha mama huyo akae na damu.

Dokta wako mwambie Jumatatu, uso kwa uso. Mwambie vipimo kumi na viwili vya mji ule vimetoka kwa mtu mmoja ambaye umri wake haumo kwenye utafiti, kwamba umelithibitisha, na kwamba muhtasari wa Arusha urudishwe. Majina usiyatoe, na akidai mwambie fomu ya ridhaa iliahidi siri. Usiandike viliharibika. Uongo mdogo kwenye kazi kama yako, kesho anausoma mtu wa wizara anapanga dawa ziende wapi. Atakununia, labda mwaka mzima. Mji utatoka kwenye hesabu. Utoke. Na akikuuliza sasa una nini cha kuandika baada ya miaka sita, andika kwamba wanawake kumi na wawili waliona afadhali kutopimwa kuliko jibu kupita kwenye simu ya mume. Hiyo ndiyo sababu uliyokuwa ukiitafuta, umeikalia.

Wale kumi na wawili majibu yao yasitumwe, hata neno moja. Unajua ungemwambia mjane wa miaka tisa ana kirusi ambacho hana? Na wamo labda wanaoumwa kweli, nao sasa wanaamini wamepimwa. Rudi kwao ukiwa umebadili utaratibu: majibu kwa mdomo, mchana, kwenye nyumba ambayo mwanamke anaingia bila kuulizwa, na kila mji wa huku unayo nyumba hiyo. Kwako ni nyumba ya somo.

Kuhusu kumpeleka hospitali, kwa nini umeng'ang'ania zahanati ya kijijini kwake? Unaishi Raskazone. Mwambie mwali wake ana shida mjini, na shida unayo. Aje kwako, alale kwako, asubuhi umpeleke mahali ambapo hakuna mkwe wa mtu. Ukifika kwake usimsomee takwimu, hatazisikia. Katika barua yako nzima umemwogopa msimamizi, umekiogopa kiapo, umeiogopa miaka sita, sijaona popote uliposema unaogopa kumpoteza. Nadhani unaogopa sana ndiyo maana umejificha kwenye kompyuta siku kumi. Mwambie hilo. Somo anaweza kubishana na daktari, lakini mwali wake akimwambia naogopa, atavaa baibui atoke.

Na sasa wasomaji mniwie radhi, nina neno na mtu mmoja, maana najua ukurasa huu unasomwa kwa sauti penye wanawake wamekaa.

Somo, salaam aleikum. Wewe unajijua. Mwanao hajakutaja vibaya, na mimi ningekuwa na somo kama wewe ningejigamba. Lakini hukuwaficha wari wako, umewaacha bila kupimwa, na hawatakwenda popote mpaka wakuone wewe umetangulia, ndivyo ulivyowafunda. Uliweza kuwajazia vichupa vyao kumi na viwili. Damu hii hakuna hata mmoja wao anayeweza kuipeleka hospitali badala yako. Njoo mjini, mama. Njoo wiki hii.