Mnunuzi wa Vipepeo Amekuja

Shoga, leo nimeumbuka, sina pa kuficha uso!

Yule mnunuzi wa vipepeo amekuja kukagua mabanda tunamowafuga. Akasema anataka kuonana na kikundi kizima cha wafugaji. Mimi bila haya nikamjibu, "Wako njiani."

Njiani! Wakati wenzangu wote walishaacha kazi hii, nimebaki mimi na viwavi.

Tukakaa saa nzima katikati ya viti vitupu. Mwisho akauliza taratibu, "Dada, uko peke yako?"

Uko peke yako! Nikaangua kilio, shoga, mbele ya mgeni.

Akasubiri ninyamaze, kisha akasema vipepeo wamemridhisha, akatoa mkataba. Nimesaini! Kwa hela ya vipepeo, walinzi wa msitu ambao kikundi chetu kiliwaajiri watalipwa mwaka mzima.

Alipoondoka nikapiga vigelegele mle bandani. Hakuna aliyeitikia. Ndipo nikakuandikia.