Mgeni Kwenye Mnara wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tunasukuma siku, ingawa habari za nyumbani zinaulemea mkono.

Nianze na mnara, maana najua utauliza. Bado umesimama pale juu ya mwamba, ila ukuta wa upande wa bahari umeliwa na chumvi. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiwasimulia wageni: ulijengwa ili kuvizia meli za wateka watu, mlinzi akiziona anawasha moto juu, na mji mzima unakimbilia porini. Baadaye serikali ikaugeuza jela. Wakati wa vita askari wakaziba madirisha kwa saruji, wakabakiza matundu ya bunduki. Walipoondoka wakahamia mbuzi, mpaka Baba alipokabidhiwa ufunguo na fagio, akawafukuza, akauita ofisi yake.

Kaka, historia hiyo ilianza kumponyoka. Kwanza aliwatanguliza askari kabla ya jela, wageni wasigundue. Kisha ikawa akifika dirishani ananyamaza, anaomba radhi, anaanza upya. Siku moja mwalimu aliyeleta wanafunzi alimkuta katikati ya ngazi analia, hajui alikuwa anapanda au anashuka. Mkubwa wake wa kazi akamwambia kwa upole kwamba sasa apumzike, na kazi akapewa mtu mwingine.

Hakupumzika. Kila asubuhi anavaa shati lake la kazi, anakuja kuketi kwenye benchi la wageni, anasikiliza kama mtu aliyefika mara ya kwanza. Kwenye habari za mbuzi anacheka kuliko wote. Kwenye habari za waliotekwa anavua kofia.

Sijakuambia aliyepewa kazi hiyo. Ni mimi. Niliacha cherehani nikaichukua, nikidhani akisikia maneno yake kinywani mwangu atanitambua. Juzi wageni walipotoka alinifuata, akanishika mkono kwa adabu, akasema, "Umeeleza vizuri sana, binti. Nani kakufundisha?"

Nikamjibu kuwa ni baba yangu. Akasema baba huyo ana bahati. Yeye hakujaliwa mtoto wa kike, anaye mmoja tu, wa kiume, yuko ng'ambo. Akalitaja jina lako, na kovu lako la kidevuni. Nilimsindikiza hadi nyumbani. Mlangoni akanishukuru, akanitakia safari njema, akafunga. Nilikaa kibarazani muda mrefu kabla ya kubisha hodi kwetu.

Nikisema sikuona wivu nitakuwa naongopa. Lakini sikuandikii kwa hilo. Njoo, kaka, angali anaijua sura yako. Kaa naye, nami nikae pembeni yako. Huenda akikuona wewe, atamkumbuka na yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni.

Msalimie sana wifi, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku