Sikio la Sofia

Baba yangu,

Ijumaa iliyopita walikata keki yenye umbo la ng'ombe kwa heshima yako. Ilikuwa na madoa meusi ya chokoleti na macho mawili ya peremende. Waliniita mbele, mimi kifungua mimba wako, na mshereheshaji akapaza sauti: "Dada, anza na sikio, tumkumbuke mzee!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na ninakuandikia nikiwa bado sijapoa.

Watakaosoma barua hii bila kukujua wataniuliza, kwa nini sikio? Ng'ombe akifa ghafla na damu nyeusi ikatoka puani isigande, hapasuliwi. Ukimpasua, kimeta, ugonjwa unaoua mnyama na anayemla, kinaingia udongoni na kukaa humo miaka na miaka, kikingoja ng'ombe wa wajukuu. Wewe ulikata ncha ya sikio tu, ukapaka damu kwenye kioo, ukaitia rangi, ukainamia hadubini. Uliletwa Meru kutoka Embu kwa muda mfupi, ukazeekea katika maabara ile ya mifugo. Kazi yako ilikuwa kujua mnyama ameuawa na nini kabla mtu hajamfuata.

Kanisani vidole vyako vya buluu ndivyo vilivyoshika kitabu cha nyimbo. Rangi ile haikutoka kwa sabuni yoyote ya mama. Tukipita soko la Gakoromone, wauza nyama walikuita kutoka vibandani: "Daktari Sikio! Leo umekata la nani?" Ukawajibu bila kusimama: "Likifika lako nitalipima kwanza." Na kila mara uliwasahihisha: "Mimi si daktari. Mimi ni mpimaji." Kwenye bamba walilobandika ukutani mwa maabara ile Ijumaa wameandika "Daktari". Hata hilo hawakuuliza.

Unakumbuka fahali wa Mzee M'Ikiara? Mimi ninakumbuka. Huku kwetu ng'ombe wa jirani akifa hatumwachi peke yake. Tunakuja na karai, kila mtu anachukua nyama yake, na mwenye mnyama anapata kitu mkononi. Ni desturi ya huruma, na ndiyo maana ni ngumu kuizuia. Ulisimama kati ya visu na mzoga ule, na watu waliokuwa wakikupa mkono kila Jumapili wakakutukana. "Wewe Mwembu, kwenu hamli nyama?" Ukasema, "Mtakula nikirudi. Mkinikuta nimedanganya, mnile mimi." Ukapanda pikipiki na chupa yako. Uliporudi, maji ya kuchemshia hayakuwa yameanza hata kutokota. "Ni kimeta. Chimbeni shimo." Walichimba wakinung'unika, lakini walichimba. Na hakuna nyumba iliyolia katika kijiji kile.

Nilikuuliza kwa nini ulilazimika kukimbia vile. Ulisema: "Anayeleta sikio hawezi kungoja. Lazima apate jibu angali ameshika kisu."

Sasa nikueleze ya Alhamisi, siku moja kabla ya keki. Mama Mwenda, jirani yetu huku chini ya Timau, aliamka akamkuta ng'ombe wake Sofia amelala miguu juu, tumbo limejaa kama ngoma, damu puani. Alinipigia simu.

"Aki ya Mungu, watu wameshafika na karai zao. Niwaambie nini?"

"Waambie baba yangu amesema ng'ombe azikwe."

"Baba yako si alikufa?"

"Waambie hivyo hivyo."

Akawaambia. Nilisikia kwenye simu mtu akifoka, "Hata akiwa kaburini huyo mzee anatunyima nyama!" Halafu nikasikia jembe, nikatoka kwenda kwake. Afisa wa mifugo, msichana mwenye bidii ambaye hana hata hadubini ya kuchezea, alikuja na glavu zake, akakata ncha ya sikio, akaifunga kwenye chupa, chupa ndani ya mkebe. Kisha akaniambia kwa aibu ambayo haikuwa yake: "Hii itabidi iende Nairobi, mama. Jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa."

Wiki kadhaa! Mama Mwenda ana ndama wawili waliolala zizi moja na Sofia. Anataka kujua kama awatenge, kama majirani wachanje, kama yale maziwa ya juzi yaliyonywewa na wajukuu wake yalikuwa maziwa au yalikuwa kitu kingine. Hilo ndilo swali lake, baba, na wewe ungelijibu kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo Ijumaa nilimwambia yule afisa, twende na mkebe wetu. Si wanazindua maabara yenye jina lako? Tulifika. Hema, viti vyenye vitambaa, utepe mwekundu mlangoni. Nikazunguka nyuma kutafuta lile dirisha dogo ulipokuwa ukipokea chupa za watu. Limepigwa misumari na kupakwa rangi moja na ukuta. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango: viti vya plastiki vimepangwa hadi darini, na mabango ya uchaguzi. Meza yako haipo. Sinki haipo.

Nilipoitwa kwenye keki, niliweka mkebe mezani, kando ya lile sikio la chokoleti. Nikasema, "Hili ni sikio la ukweli. Linapokelewa dirisha gani?"

Mheshimiwa aliyealikwa kukata utepe akatabasamu, akaniinamia kama mtu anayetuliza mgonjwa. "Dada, leo tunamsherehekea mzee. Mambo ya ofisi tuyaache."

"Mzee hakuwa na mambo mengine," nikamjibu. Nikachukua mkebe, tukaondoka. Utepe sijui ulikatwa na nani.

Wanadhani kumheshimu mpimaji ni kuandika jina lake juu ya mlango uliofungwa. Mtu mmoja tu alikuheshimu wiki ile, baba: mwanamke aliyefukia ng'ombe wake wa pekee wa maziwa, mbele ya majirani wenye visu, kwa neno la marehemu. Nina hasira kwa sababu neno lako limebaki kufanya kazi ya maabara nzima, na neno haliwezi kumwambia chochote kuhusu ndama.

Sikio limekwenda Nairobi kwa gari la abiria. Nimetoa daftari lako la sampuli ulilonunua mwenyewe, nikafungua baada ya mstari wako wa mwisho. Nimeandika kama ulivyokuwa ukiandika, jina la mnyama kwanza: Sofia. Mwenyewe: Mama Mwenda. Kilicholetwa: ncha ya sikio la kushoto. Jibu: sijaandika kitu. Leo asubuhi Mama Mwenda amepita tena hapa, akasimama langoni, akaniuliza kuhusu ndama.

Ni mimi binti yako, niliye na daftari lako, nisiye na jibu.